Bahari Yetu Iandikwe kwa Maneno Tunayoyajua: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Bahari, Mazingira na Lugha Zanzibar

Kwa Waheshimiwa viongozi mliokabidhiwa dhamana ya bahari, mazingira na lugha ya Kiswahili katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Assalamu alaykum.

YAH: ISTILAHI ZA BAHARI NA UCHAFUZI WA MAJI KATIKA TAARIFA ZINAZOLETWA KWA WANANCHI

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika skuli ya sekondari iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioanza kulima mwani pale zao hilo lilipoingia huku kwetu kama kilimo cha biashara mwaka 1989. Ninaiandika barua hii kwa sababu ya neno moja nililolisikia likisomwa mbele ya watu wazima wenye akili zao timamu, wakalifurahia, na hali lilikuwa limebeba habari ya madhara yatakayowafika.

Ilikuwa katika mkutano wa shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha. Wataalamu walikuja kutusomea muhtasari wa tathmini ya athari za kimazingira ya mradi wa hoteli, ambao sitautaja jina kwa kuwa mradi wenyewe si hoja yangu. Muhtasari uliandikwa kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuriwa. Ilipofika sehemu ya maji, msomaji alisema kwamba mradi unatarajiwa kusababisha "ongezeko la virutubisho katika maji ya pwani". Bi mmoja mzee, mkulima wa mwani wa siku nyingi, akauliza kama hivyo virutubisho vitaufanya mwani wake ukue haraka. Akajibiwa kwamba kwa kiasi fulani inawezekana. Watu wakaridhika, orodha ya mahudhurio ikatiwa saini, mkutano ukafungwa kwa dua. Baada ya wiki kadhaa nilifanikiwa kuipata taarifa kamili, ambayo ni ya Kiingereza, nikaikuta sentensi ile ile imewekwa katika sura ya madhara.

Siku ile hakuna aliyesema uongo, na ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni. Neno virutubisho limetokana na rutuba, na rutuba kwa Mswahili ni kheri tupu. Ardhi yenye rutuba huzaa, na mjamzito anayekwenda kliniki hupewa virutubisho ili yeye na mwanawe wapate afya. Ukimwambia mtu wa kawaida kwamba bahari yake itaongezewa virutubisho, huwezi kumlaumu akidhani kwamba umempelekea zawadi.

Lakini baharini mambo hayaendi hivyo kila mara. Kinyesi, mkojo, maji ya jikoni, sabuni za kufulia na mbolea vina nitrojeni na fosforasi, na hivyo ndivyo virutubisho vinavyotajwa katika taarifa. Kwa kiasi chake cha kawaida, vinawalisha fitoplanktoni, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, na vijimea hivyo ndivyo chakula cha kwanza cha karibu kila kiumbe wa baharini, tangu mabuu ya kamba mpaka dagaa, na kutoka dagaa mpaka jodari. Vikizidi, vijimea huongezeka kupita kiasi, maji yakageuka kijani na kufifia, mwangaza wa jua ukashindwa kufika chini, na majani yanayoota sakafuni mwa bahari yakaanza kufa. Kila kinachokufa huoza, na bakteria wanaokiozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28, ambayo ni ya kawaida kwetu, hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 6 na kidogo za oksijeni katika kila lita, na kadiri joto linavyopanda ndivyo uwezo huo unavyopungua. Kiwango kikishuka chini ya miligramu 2, samaki anayeweza kukimbia atakimbia, na asiyeweza, kama chaza na kombe, atafia pale pale.

Niliyaeleza haya jioni moja dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, mbele ya wavuvi waliokuwa wanatengeneza madema yao, yaani mitego ya kunasia samaki. Nilitumia maneno ninayoyatumia darasani, wakanisikiliza kwa adabu, kisha mzee mmoja akasema: "Kumbe bahari nayo inavimbiwa." Nikanyamaza. Aliyevimbiwa amekula chakula, hakula sumu. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, ila kimezidi, na dalili yake ni kwamba pumzi inamwia nzito. Katika neno moja mzee yule alikuwa ameweka chanzo, mwenendo na matokeo ya jambo ambalo taarifa ilitumia ukurasa mzima kulieleza bila kueleweka. Sisemi kwamba kuvimbiwa ndiyo istilahi itakayokaa katika sheria. Ninasema kwamba lugha ya kulieleza jambo hili ipo, inakaa dikoni, na hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Katika muhtasari ule ule ilisomwa pia kwamba mradi "hautakuwa na chanzo bainifu cha uchafuzi". Mtaalamu anajua maana yake: hakutakuwa na bomba wala mfereji unaoonekana ukimwaga majitaka baharini. Waliohudhuria walisikia kwamba hakutakuwa na chanzo, basi. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni kubwa sana kwa pwani yetu, kwa sababu ardhi tunayoikalia ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu na nyufa kila upande. Maji ya karo na ya shimo la choo huzama katika jiwe hilo bila kuchujwa vya kutosha, yakakutana na maji baridi ya chini ya ardhi, na yote yakateremka kuelekea baharini. Mwanamke yeyote wa mwani anajua kwamba maji yakipwa sana, ziko sehemu za pwani ambako maji yasiyo na chumvi huchuruzika kutoka mchangani. Huo ndio mfereji wetu. Haukuchimbwa na mtu na hauonekani kwenye ramani ya mradi, lakini unafanya kazi usiku na mchana. Vyanzo vya namna hii, vilivyotapakaa chini ya nyumba na hoteli nyingi kwa pamoja, ndivyo vinavyostahili kutajwa kwanza katika taarifa yoyote inayohusu pwani ya mashariki, na vitajwe kwa jina linalosema wazi kwamba vipo.

Waheshimiwa, naomba mniruhusu nizungumzie neno lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni uchafuzi lenyewe. Kwa kuwa linafanana na uchafu, limechukua maana ya kitu kinachoonekana na kinachonuka. Tunapoitwa kusafisha pwani tunaokota chupa, nyavu chakavu na vipande vya mpira, na kazi hiyo ni njema, wanafunzi wangu wanaishiriki kila mwaka. Wakishamaliza huambiwa kwamba pwani sasa ni safi. Hata hivyo, maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yakiwa na bakteria wa kinyesi wengi kuliko inavyofaa kwa mtoto kuogelea, na bakteria hao hawajulikani mpaka yachukuliwe maji na kuhesabiwa kwa kila mililita 100 katika maabara. Kinyume chake, maji ya ghuba yanaweza kuwa na tope jekundu siku mbili baada ya mvua ya masika, nayo yasiwe na sumu yoyote. Plastiki yenyewe hubaki hata inapokuwa haionekani: jua na mawimbi huivunja vipande vya chini ya milimita 5, ambavyo tunaviita mikroplastiki, na hivyo havina mtu wa kuviokota. Nimewahi kusikia malalamiko ya wakulima wa mwani, waliokuwa wanawashwa ngozi, yakijibiwa kwamba maji yametazamwa na hayana uchafu. Yalitazamwa kweli. Hayakupimwa.

Hata kupimwa kwenyewe kuna lugha yake, na hapa wenye ujuzi zaidi ni watu wasio na shahada. Taarifa niliyoisoma ilikuwa na jedwali zuri la vipimo vya maji, na kila kipimo kiliandikiwa tarehe ya kalenda. Nilimwonyesha jedwali hilo mvuvi mmoja, akaniomba nimsomee tarehe, akahesabu mwezi kwa vidole, akaniambia kwamba siku zote tatu zilizotajwa zilikuwa za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Nilipokwenda kuangalia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, nikaona alikuwa amesema kweli, na saa zilizoandikwa zilikuwa za maji kujaa. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi kinachofikia mita 4 hivi, maana yake ni kwamba ghuba hubadilisha maji yake kwa wingi kila yanapojaa na kupwa, na chochote kilichomwagika humo huzimuliwa na kuchukuliwa kwenda bahari kuu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, maji huchezacheza pale pale, na uchafuzi nao hukaa pale pale. Ukipima maji ya bamvua yaliyojaa umepima bahari ya nje iliyokuja kututembelea. Ukitaka kujua sisi wenyewe tunamwaga nini, pima siku za maji mafu, au pima bamvua yakiwa yamepwa, karibu na pale maji baridi yanapochuruzika.

Vilevile upepo. Wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, maji huwa ya baridi kidogo na yenye kuchafuka kwa mawimbi, na wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba mpaka Machi, hasa inapoelekea mwisho, maji hupata joto na kutulia. Kipimo cha oksijeni cha mwezi wa Agosti hakiwezi kutumika kuzungumzia mwezi wa Machi. Bamvua, maji mafu, kujaa, kupwa, kusi, kaskazi: hizi ni istilahi za kisayansi zilizokamilika, zimetumika vizazi kwa vizazi kuendesha majahazi na kutega madema, na wala hazihitaji kamati ya kuzisanifu. Zinahitaji nafasi moja tu katika jedwali, pembeni ya tarehe.

Yapo pia maneno ambayo sisi watu wa pwani tunayatumia kwa namna isiyotusaidia, na uadilifu unanitaka niyaseme. Tunaita jiwe kila kitu kigumu kilichoko baharini, kilicho hai na kilichokufa, kwa sababu nyumba zetu tumezijenga kwa mawe hayo. Matumbawe yaliyo hai ni wanyama, maelfu ya wanyama wadogo walioshikamana, na kila mmoja amehifadhi ndani ya mwili wake vijimea vinavyomtengenezea chakula na kumpa rangi. Joto la maji likizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki chache, mnyama huvitoa vijimea hivyo na kubaki mweupe. Huko ndiko kupauka. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe ya sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka, na mengi hayakurudi tena.

Nasisitiza neno kupauka kwa sababu wavuvi wengi wakiuona mwamba mweupe husema umekufa, na ukishaambiwa kwamba kitu kimekufa huna sababu ya kukihurumia: utatia nanga juu yake, utakanyaga, utavunja kutafuta pweza. Tumbawe lililopauka bado liko hai. Lina njaa, na maji yakipoa mapema linaweza kuvirudisha vijimea vyake na kupona, ilimradi lisiongezewe mzigo mwingine wa tope, majitaka na miguu ya watu. Tangazo la redio la dakika moja, katika miezi ya joto, linalosema kwamba mwamba wa mahali fulani umepauka na haujafa, na kwamba tunaombwa tuuache kwa muda, lingeeleweka na kufuatwa, kwa sababu watu wetu wameshazoea kufunga mwamba ili pweza wakue.

Jambo jingine ni nyasi bahari na mwani, ambavyo katika taarifa za Kiswahili huchanganywa mpaka msomaji hajui kinachozungumzwa ni kipi. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi bahari zina mizizi, zina shina linalotambaa chini ya mchanga, zina maua na mbegu kama mmea wa shambani, na katika pwani ya Afrika Mashariki ziko aina zaidi ya 10. Humo ndimo samaki aitwaye tasi anamokula na kukulia, humo ndimo tunamotega madema, na nguva, ambaye sasa ni nadra mno kumwona, hana chakula kingine cha kumtosha. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Taarifa ikiandika kwamba mbele ya hoteli "kuna mwani wa asili utakaoondolewa ili wageni waogelee", msomaji atadhani ni kitu kilichoelea na kitakachorudi chenyewe. Ikiandika kwamba zitang'olewa nyasi bahari, kila mvuvi wa dema atasimama kuuliza. Na sisi wa mwani tunalo la kujibu pia, kwani miaka mingi tuliziita magugu, tukazing'oa ili tupate pahala pa kupigia vigingi. Mama yangu alizing'oa. Laiti mtu angemwambia zilikuwa na kazi gani.

Kuhusu mikoko nitasema machache. Kila aina ina jina lake na pahala pake: mlilana hutangulia mbele kwenye maji, mkoko hukaa katika tope laini la mikondo, mkandaa na muia hurudi nyuma zaidi, na mchu huvumilia chumvi nyingi kuliko wenzake. Kampeni ya upandaji inayosema "mikoko" peke yake, ikagawa miche ya aina moja kwa pwani nzima, itapanda mkoko mahali pa mlilana, na bahari itaing'oa miche hiyo kabla ya mwaka kuisha.

Waheshimiwa, ninachokiomba kinawezekana. Tangu Uchumi wa Buluu, yaani uchumi unaotegemea rasilimali za bahari, ulipofanywa nguzo ya mipango ya Serikali mwaka 2020, miradi ya pwani imeongezeka, na pamoja nayo zimeongezeka taarifa tunazosomewa na kuzitilia saini. Naomba kila muhtasari wa tathmini ya mazingira unaoletwa shehiani uandikwe upya kwa Kiswahili tangu mwanzo, usiwe tafsiri ya neno kwa neno, na kila istilahi ya madhara itamke madhara: pasisomwe virutubisho pasipo kusemwa ni vya nini, vinatoka wapi na vikizidi vinafanya nini. Naomba matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe dikoni na skulini, yakiwa na hali ya mwezi, saa ya maji na pepo za msimu. Na naomba wenye dhamana ya lugha, pamoja na wataalamu wa bahari, waje kukaa na wavuvi, wachokoaji wa pweza na wakulima wa mwani, wakusanye majina ya vitu na ya matukio, wayapime, na yale yanayofaa yaingie katika kanuni na vitabu vya skuli. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Haielekei kwamba lugha iliyotoka hapa ishindwe kuieleza bahari ya hapa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki inatuonyesha kwamba hili si ndoto. Ilipoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mpaka mchuuzi wa sokoni alijua kilichokatazwa ni kipi, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa na jina mdomoni mwake: mifuko ya rambo. Nitrojeni inayochuruzika kutoka kwenye karo haina jina kama hilo bado, na ndiyo inayotufikia kila siku.

Bi yule aliyeuliza swali mkutanini bado anashuka baharini kila bamvua na kamba zake begani. Nilimweleza nilichokikuta katika taarifa ya Kiingereza, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniagiza niwaulize upya kwa niaba yake, na swali lake ninalileta kama alivyolisema: hoteli ikishafunguliwa, ghuba yetu itavimbiwa au haitavimbiwa, na nani atakayekuja kuipima siku za maji mafu? Ameomba jibu lisomwe shehiani, kwa sauti, mbele ya watu wale wale waliotia saini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia,
Pwani ya Mashariki, Unguja